Ukuta wa Nyumba Mbili

Muuguzi alipokata kona ya mwisho na kuona kigoda mlangoni pake, alijua kwamba swali la kumi na mbili limefika nyumbani kabla yake.

Kigoda kilikuwa cha jirani, na juu ya kigoda alikaa jirani mwenyewe, daftari mapajani, kalamu sikioni, mgongo umenyooka kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Mtaa mzima ulimwita Mzee Gramu. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani, akizunguka madukani na sokoni na sanduku lake la mawe ya kupimia, na hakuna muuza sukari aliyemdanganya akalala usingizi mzuri. Kazi ilimstaafisha, lakini kupima hakukumwacha. Hata salamu aliipima kabla ya kuitoa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa dakika ishirini na tano."

"Wodi ilijaa."

"Sikulaumu. Natoa taarifa tu."

Muuguzi alivua viatu pale pale kizingitini. Tangu alfajiri alikuwa amesimama, akigeuza watu wazima vitandani, akibembeleza wanaogoma dawa, akitafuta mshipa kwenye mikono iliyokauka kama kuni. Miguu ilimvimba hata vifundo havikuonekana. Alitamani vitu viwili tu duniani, beseni la maji ya moto na ukimya, na vyote viwili vilikuwa ndani, nyuma ya mgongo wa Mzee Gramu.

"Usipoziba ufa," Mzee alianza.

"Utajenga ukuta," muuguzi alimalizia. Ilikuwa mara ya nne wiki hiyo. "Mzee wangu, mimi sijengi ukuta. Ukuta upo. Nataka kujenga choo."

"Choo hakielei hewani. Kitashika ukuta. Na ukuta ule, nusu ni wangu."

Hapo ndipo lilipokuwa shina la maneno yote. Nyumba zao zilikuwa pacha: msingi mmoja, paa moja, na katikati ukuta mmoja tu, upande huu chumba cha mama yake muuguzi, upande ule chumba cha kulala cha Mzee. Mama hakuwamo chumbani mwake. Alikuwa amelazwa hospitali ile ile anakofanya kazi binti yake, nyonga imevunjika na kuungwa kwa vyuma. Aliteleza uani asubuhi moja akielekea chooni, kwa maana choo chao kilikuwa huko, ngazi tatu kwenda chini, tena cha kuchuchumaa. Daktari alisema waziwazi: mwisho wa mwezi kitanda kitahitajika, mama atatoka, na akitoka asichuchumae, asishuke ngazi, asikanyage penye utelezi.

Kaka mkubwa aliyasikia hayo, akaamua. Kama choo cha kukaa hakitakuwepo ndani, atakuja na gari amchukue mama akaishi naye mjini kwake, mwendo wa saa nane, ghorofa ya nne, kwenye lifti na mabafu mawili. Mama naye aliyasikia, akasema neno moja, akageukia ukutani: "Mtu wa umri wangu akihamishwa kwa gari hili, hurudishwa kwa gari lile jingine."

Muuguzi alilijua gari lile jingine. Huliona kila juma likitoka mlango wa nyuma wa hospitali.

Basi aliomba likizo, akanyimwa. Akaomba zamu nyepesi, akapewa nzito. Akachora choo kwenye karatasi: kitachukua kona ya chumba cha mama na kutokeza kidogo uani, na juu yake boriti ya zege itakayobeba tangi la maji. Ncha moja ya boriti itaingia kwenye ukuta wa kati. Halmashauri ikampa fomu, na chini ya fomu mstari mtupu: *Ridhaa ya jirani*. Mstari ule ulikuwa mtupu siku ya tisa sasa, na kabla mama hajatolewa zilibaki siku kumi na mbili.

"Haya, Mzee. Swali la leo?"

Mzee Gramu alifungua daftari. "La kumi na mbili. Kazi ikiisha, nikakuta ufa ukutani kwangu, wewe utasema ni wa zamani, mimi nitasema ni mpya. Nani ataamua?"

Muuguzi alimtazama. Baada ya maswali ya vumbi, ya nyundo, ya fundi kupiga mluzi, hili lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Akakaa chini kwenye kizingiti.

"Ndiyo maana nataka fundi aingie kwako kabla hajagusa kitu. Atapiga picha kila ufa uliopo, ataupima, tutaandika tarehe, tutasaini wote. Kazi ikiisha tunalinganisha. Ukizidi hata unywele, mimi naubeba."

Alidhani atamfurahisha, kwa maana kupima ndiyo dini yake. Lakini daftari lilifungwa, pa!

"Chumbani kwangu haingii mtu."

"Ni dakika kumi tu, Mzee."

"Hata moja." Alisimama, akakibeba kigoda. "Kesho nitaleta la kumi na tatu."

Muuguzi alibaki kizingitini na viatu mkononi. Ukimya aliupata. Maji ya moto hakuwa na nguvu ya kuyachemsha.

*

Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko, na fundi akaja na baiskeli, pima maji ndefu imefungwa kando kama bunduki. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno, na mikono iliyopauka kwa saruji hata baada ya kunawa.

"Amesaini?"

"Bado."

"Ameniruhusu niingie?"

"Amekataa."

"Dada, ukuta una pande mbili kama kesi ya talaka. Ukisikiliza upande mmoja utahukumu vibaya." Akaanza kugonga ukuta wa chumba cha mama kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, sikio karibu, kama daktari anayesikiliza kifua. Ko, ko, ko. Alipokaribia dirisha, sauti ikabadilika. Akasimama mbele ya vile vijimlango viwili vya mbao ambamo mama aliweka vyombo vya wageni.

"Hapa ndani kuna nini?"

"Vikombe. Ni kabati la ukutani."

"Fungua."

Ufunguo ulining'inia kwenye msumari wake. Muuguzi alifungua, akatoa vikombe na sahani kwa mikono miwili, akavipanga kitandani. Fundi alipitisha futi ndani, akapima kina, akapima unene wa ukuta pale dirishani, akapima tena kina. Akanyamaza. Fundi huyu kunyamaza halikuwa jambo dogo.

"Ukuta ni inchi kumi," alisema mwishowe. "Shubaka hili ni inchi nne na nusu. Nani alilichimba?"

"Sijui. Lilikuwepo siku zote."

"Nyumba haizaliwi na shubaka, dada. Huchimbwa. Tazama, tofali limekatwa kwa tindo, halikupangwa hivi. Na boriti yako inataka kukalia hapa hapa, juu ya kichwa chake."

Muuguzi aliutazama mdomo ule mweusi ukutani. Tangu utoto alikuwa akiuona na hakuwahi kuuona. Kumbe upande wao ndio ulioanza kula ukuta, na yeye kila jioni anamwambia jirani kwamba watu wawe wakweli kuhusu nyufa!

"Sasa tufanyeje?"

"Kwanza umwambie mzee. Mimi sifichi ukuta, ukuta ukifichwa hujifichua wenyewe, tena saa mbaya. Pili nione upande wake. Ukiwa mzima, tunaziba hapa, tunangoja siku saba saruji ishike, ndipo boriti. Usipokuwa mzima..." Akaifunga pima maji kwenye baiskeli. "Tusiombe hilo."

*

Mama alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, akiukagua mchuzi wa hospitali kwa kijiko kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Muuguzi alitumia nusu saa yake ya chakula kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, kabati la vikombe nani alilichimba?"

Kijiko kilisimama. "Nani kakuuliza?"

"Fundi."

"Mafundi wa siku hizi wana mdomo." Mama alitazama mlango, akatazama kitanda cha pili, akashusha sauti. "Baba yako. Wewe ulikuwa unatambaa. Jumamosi moja jirani katoka na mizani yake, mkewe kaenda sokoni, baba yako akasema ukuta una nusu mbili, hii nusu yetu. Akafunga tambara kwenye tindo. Mara mkewe Mzee huyu hapa karudi mapema! Basi mimi nikaimba."

"Ukaimba?"

"Nikaimba ili nyundo isisikike. Niliimba kila nilichokijua, za harusi, za msibani, nikarudia za shule. Saa mbili nzima. Kesho yake mkewe ananiuliza, mwenzangu, jana ulikuwa na furaha gani?" Mama alicheka, nyonga ikamkumbusha, akaacha. "Na vikombe vyenyewe havikutulia humo. Kila jioni saa ya taarifa ya habari vinatetemeka, vinalia ti-ti-ti. Baba yako akasema ni malori."

"Mama, inabidi nimwambie."

"Thubutu!" Mama alimshika mkono. "We mtoto, yule mtu aliwahi kumfungia duka shemeji yake kwa gramu kumi. Akijua tulimla ukuta miaka yote hii, hatasaini mpaka siku ya mwisho. Ziba. Paka rangi. Nyamaza. Mimi nataka kufia kwangu, sitaki lifti."

Alipotoka wodini simu ililia. Alikuwa kaka.

"Vipi, kizee kimesaini?"

"Bado, kaka."

"Vunja tu! Atasaini baadaye akiona vumbi. Mnakaa kubembelezana na mtu na daftari lake, siku zinakwisha."

"Si rahisi hivyo."

"Kwako hakuna kilicho rahisi, mdogo wangu. Mimi chumba nimeshakisafisha. Siku ile ikifika nakuja na gari, choo kiwepo kisiwepo."

Muuguzi alisimama kwenye ngazi, simu imezimika sikioni, wagonjwa wanampita huku na huku. Kila mtu alimwambia cha kufanya, na kila cha kufanya kilimtaka yeye asimame, aende, abebe, anyamaze. Kunyamaza ndiko kulikokuwa rahisi kuliko vyote. Debe moja la rangi nyeupe, basi. Lakini alikuwa muuguzi. Amewahi kufungua bendeji safi, nyeupe, iliyofungwa kwa ustadi, akakuta chini yake kidonda kimeoza, na mwenye kidonda anasema haumii.

Jioni ile hakungoja kigoda mlangoni pake. Alichukua cha kwake mwenyewe jikoni, akaenda akakiweka mlangoni pa Mzee Gramu, akaketi.

"Hodi."

Mzee alitokea na daftari tayari mkononi. Kumkuta ameketi kulimvuruga. "Nilikuwa nakuja na la kumi na nne."

"Leo swali ni langu, Mzee. Au si swali, ni maungamo." Alikuwa amechoka mno kuyapamba. "Marehemu baba alichimba shubaka kwenye ukuta wa kati. Mama aliimba usisikie. Ni inchi nne na nusu. Mimi nimejua jana, na wewe una haki ya kujua leo. Kama hutasaini, sitakulaumu."

Alingoja hasira. Aliikazia moyo, kama anavyoukaza mbele ya jamaa wa mgonjwa kabla hajawapa habari mbaya. Hasira haikuja. Mzee Gramu alikuwa ametoa kalamu sikioni na kuishika kama asiyejua ni ya nini.

"Kutoka dirishani," alisema polepole, "ni umbali gani?"

"Fundi alipima. Futi nne na inchi mbili."

Mzee akafumba macho. "Na kutoka sakafuni?"

"Futi tatu."

"Futi tatu," alirudia, kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha akausukuma mlango ukafunguka wote. "Ingia. Vua viatu."

Chumba kilikuwa safi na kitupu: kitanda kimoja, meza moja, mlango mdogo kwenye kona. Na ukutani, karibu na dirisha, pazia dogo la kijani. Mzee alilivuta.

Lilikuwa shubaka. Ndani yake redio kubwa ya zamani, na mbele ya redio mawe ya kupimia yamepangwa kwa ukubwa, yanang'aa kama meno.

"Inchi tano," alisema Mzee Gramu. "Nusu ya ukuta. Sikuzidisha hata unywele. Nilisubiri siku nyumba yenu iwe tupu. Mama yako alikwenda kukuzaa wewe, baba yako akamfuata hospitali, nikapiga tindo siku mbili. Niliporudi kazini niliwatoza faini watu watatu, na kila mmoja nilimwona ananicheka."

Muuguzi alikuwa akijumlisha. Tano, na nne na nusu.

"Ndiyo," alisema Mzee, aliyekwisha kujumlisha. "Imebaki nusu inchi. Nusu inchi ya saruji na haya. Mwanangu, tangu uniletee ile fomu sijalala. Maswali yote yale... yalikuwa magogo. Naegemeza mlango tu usifunguke. Nimepima mji mzima huu, nikashindwa kupima ukuta wangu."

"Kwa hiyo redio ndiyo iliyokuwa ikivitetemesha vikombe vya mama."

"Vikombe?" Mzee aligeuka. "Vikombe? Mimi nimetega panya miaka yote hii!"

Muuguzi alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza baada ya wiki mbili, na kicheko kilimtoka kwa shida, kwa mikwaruzo, mpaka akalazimika kujifuta macho kwa mkono wa sare. Mzee Gramu hakucheka. Alitoa fomu iliyokunjwa mfukoni mwa shati, ambako bila shaka ilikaa siku zote hizo, akaiweka mezani. Penye *Hali ya ukuta kabla ya kazi* aliandika kwa mwandiko wa ofisini: *Umechimbwa pande zote mbili na wenyewe.* Akaandika vipimo. Akasaini.

*

Fundi aliingia nyumba zote mbili asubuhi iliyofuata. Aliwasha kurunzi kwenye shubaka la mama, akazunguka mbio hadi chumbani kwa Mzee, akaona mstari mwembamba wa mwanga.

"Mzee wangu, mtu akipiga chafya huku, wewe unamwombea afya huko! Watu mnalala salama humu kwa dua tu."

"Sema kazi," alisema Mzee Gramu.

Kazi aliisema. Kuziba mashubaka yote mawili, tofali kwa tofali, kuanzia upande wa Mzee. Siku saba ukuta upumzike. Kisha boriti, nayo ishike. Kisha bomba, sakafu, bakuli la choo. Siku kumi na sita, akijitahidi.

Zilikuwa zimebaki tisa.

"Haiwezi kupunguzwa?" muuguzi aliuliza. "Hata boriti ikawekwa siku ya nne?"

"Saruji haijui mama mgonjwa, dada. Ningekuwa mwongo ningekwambia ndiyo. Tangi lingekaa mwezi, miwili, halafu siku moja likashuka na mtu yuko chini yake."

Muuguzi alikaa kitandani kwa mama, katikati ya vikombe. Amesema kweli, na kweli imemlipa hivi. Fomu imesainiwa, jirani amelainika, kila kitu kimenyooka, isipokuwa siku, na siku hazina wa kubembelezwa. Alihisi uchovu ukimpanda kutoka nyayo kama maji kwenye tambi ya taa. "Basi," alisema. "Kaka amchukue. Nimeshindwa."

Fundi alijishughulisha na kamba yake. Mzee Gramu alitoka bila kuaga, na muuguzi hata hilo hakuwa na nguvu ya kulishangaa.

Mzee alirudi baada ya muda na futi mkononi.

"Fremu ya chuma ya mama yenu, ile ya kutembelea, ina upana gani?"

"Inchi ishirini na sita. Kwa nini?"

"Mlango wa choo changu ni inchi thelathini na mbili. Fremu inapita, zinabaki tatu kila upande." Alikohoa. "Ni cha kukaa. Kipo kwenye kona ya chumba, hakuna ngazi. Mke wangu alipoanza kuugua nilikijenga, na vishikizo viwili ukutani. Mashubaka yakishazibwa, nyinyi hamieni kwangu. Mimi nihamie kwenu. Mpaka chenu kiishe."

Muuguzi aliinua kichwa. "Kwetu kutakuwa na vumbi, Mzee. Nyundo asubuhi mpaka jioni. Zege mlangoni."

"Nina maswali ya kutosha kuhusu vumbi. Nitakaa ndani yake niyajibu mwenyewe."

"Ngoja kwanza," fundi alidakia, kamba imemwanguka. "Mzee atakaa humu? Na mimi? Kila siku?"

"Na pima maji yangu mwenyewe," alisema Mzee Gramu.

"Dada, nihurumie! Mimi nina watoto."

*

Kaka alikuja siku ile ile aliyosema, gari limeoshwa, godoro nyuma. Yeye na muuguzi walimkuta mama kwenye kiti cha magurudumu mbele ya mlango wa hospitali, mkoba mapajani, kitambaa kipya kichwani. Hakumsalimu mtoto yeyote kwanza.

"Choo kipo?"

"Kipo, mama," alisema muuguzi. "Lakini si chetu." Akamwambia yote, bila kuruka, pale pale, watu wakipita.

Mama alikunja uso. "Ulimwambia. Nilikukataza."

"Nilimwambia. Na yeye alichimba. Siku ulipokwenda kunizaa."

Mama aliufunga mkoba kwa nguvu. "Mshenzi," alisema taratibu. "Na mimi nikaimba mpaka sauti ikakauka!"

"Mama, twende zetu," alisema kaka. Sauti yake haikuwa na ubishi tena. Alikuwa ameendesha saa nane. "Kwangu kuna lifti. Chumba kipo tayari, hakina mwenyewe mwingine. Ya nini kulala kwa watu, tena kitanda cha mwanamume, mtaa mzima ukucheke?"

Mama alilipima neno hilo. Muuguzi aliona jinsi lilivyomwingia, kwa maana mama alikuwa mtu wa heshima zake na hajawahi kulala kwa jirani hata siku ya mvua. Alitazama gari, lilivyong'aa. Alitazama mikono yake.

"Shuka ni za nani?"

"Zetu. Na mimi nalala nawe. Mzee yuko kwetu na fundi, wanagombana."

"Watu watasema."

"Waache waseme, mama."

"Wakisema nitawasikia?"

"Dirisha la Mzee liko barabarani. Utawasikia wote, na utawajibu."

Hilo nalo mama alilipima, kwa muda mrefu kuliko la kwanza. Kisha akamgeukia kaka. "Mwanangu, lifti yako nitakuja kuipanda nikiwa natembea. Leo nipeleke nyumbani."

Kaka alitazama angani, akatazama saa, akafungua mlango wa gari.

Walipofika, Mzee Gramu alikuwa barazani kwa muuguzi, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi ndara, akimwonyesha fundi tofali moja kwa kalamu. Alimwona mama, akajipangusa, akazidi kujipaka. "Karibu," alisema. Mama alimtazama kutoka juu hadi chini. "Redio yako," alimwambia, "ilinivunjia vikombe viwili." Akaendelea na fremu yake, chuma mbele, mguu, chuma mbele, mguu, hadi ndani, hadi kwenye ule mlango wa kona. Fremu ilipita. Muuguzi alimshika kiuno, akamgeuza, akamwonyesha vishikizo, akatoka na kuurudisha mlango. Akasimama nje, mgongo ukutani.

"Bado uko mlangoni?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Niko."

"Ondoka. Tangu nilale hospitali sijakaa chooni bila mlinzi."

Muuguzi aliondoka, hatua nne, akaketi ukingoni mwa kitanda. Upande wa pili wa ukuta fundi alikuwa akiapa kwamba tofali limenyooka, na Mzee akiapa kwamba halikunyooka. Barazani kaka aliuliza godoro aliweke wapi, akauliza tena. Maji yalivutwa. Mlango ulifunguliwa kwa ncha ya chuma, na fremu ikagonga sakafu, mara moja, mara mbili, ikija. Muuguzi alisogea kando kumwachia mama nafasi, akanyoosha mkono kumpokea, na mama alipoushika, akaketi karibu yake, akavuta pumzi, aligundua kwamba binti yake ameshalala, ameketi vile vile, viatu miguuni.

Mama hakumwamsha. Alimvua kimoja, cha pili hakukifikia.